Waonjaji wanavyoupa pointi mvinyo wa Italia, na jinsi ya kuupima mwenyewe hapa Mwanza

Maduka ya vinywaji hapa Mwanza siku hizi yana chupa kibao za Italia, na nyingi zina kistika cha duara kimeandikwa 90 au 92, nyingine zina picha ya glasi tatu, sasa watu wanabeba kwa sababu ya ile namba tu bila kuuliza nani kaitoa, kwa kipimo gani na kwa mavuno ya mwaka upi. Namba ile imetoka kwa mtu aliyekaa mezani akaonja kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe unajifunzika kabisa, hauhitaji pua ya ajabu wala nauli ya kwenda Verona. Ntaeleza wao wanavyofanya na namna ya kufanya hivyohivyo sebuleni kwako, iwe Nyegezi, Isamilo au Ilemela, ila kuna jambo moja ntalirudia mpaka lieleweke: mvinyo wa Italia unahukumiwa kwa zabibu yake na kwa kwao, yaani eneo unakotoka. Ukisahau hilo utaikata Barolo nzuri, ule mvinyo mwekundu wenye jina kubwa, maksi kwa kitu ambacho sio kosa lake.

Tuanze na namba zenyewe. Kipimo cha 100 kilienea duniani kupitia Robert Parker, mwanasheria wa Maryland kule Marekani aliyeanzisha jarida lake la The Wine Advocate mwaka 1978. Kipimo chake kinaanzia 50, yaani kila mvinyo unapewa 50 za bure, zinazogombaniwa ni 50 zilizobaki: rangi na muonekano hadi 5, harufu hadi 15, ladha na jinsi inavyobaki mdomoni hadi 20, na ubora wa jumla pamoja na uwezo wa kukaa miaka mingi hadi 10. Kwa kipimo hicho 96 mpaka 100 ni mvinyo wa kipekee, 90 mpaka 95 ni bora sana, 80 mpaka 89 unaanzia juu kidogo ya wastani mpaka mzuri sana, na 70 mpaka 79 ni wa kawaida, unanyweka lakini hauna cha kusimulia. Jarida la Wine Spectator nalo linatumia 100 ila madaraja yake yanatofautiana kidogo, kwao 85 mpaka 89 ni mzuri sana, 90 mpaka 94 ni bora, na 95 kwenda juu ndio wa kukumbukwa.

Mama Jancis Robinson, mwandishi wa mvinyo wa Uingereza, yeye anatumia 20, na hapa watu wanapotea sana, wanachukua 17 yake wanazidisha kwa 5 wanapata 85 wanasema mvinyo wa kawaida. Hapana, 17 kwake ni sifa kubwa, 15 ndio wastani, na ukifika 12 ujue mvinyo una hitilafu. Kwahiyo usihamishe namba kutoka kipimo kimoja kwenda kingine kwa hesabu, soma maana yake kwa mwenye kipimo.

Waitaliano wenyewe wana alama zao. Kitabu cha Gambero Rosso kilianza kutoka mwaka 1987 na kinatumia glasi: moja, mbili, mbili nyekundu kwa mvinyo uliofika fainali, na tatu kwa walioshinda, ndio ile Tre Bicchieri unayoiona kwenye kistika. Pale wanaonja kwa jopo, chupa zimefichwa. Kitabu kingine, Bibenda, wanatoa vichala vya zabibu hadi vitano. Cha tatu, Slow Wine, hawatoi pointi, wana alama ya konokono ambayo inapewa kiwanda chenyewe kwa jinsi kinavyolima na kuishi na ardhi yake, kwahiyo ukikuta konokono usidhani chupa hiyo ndio imepimwa. Mi binafsi naziamini zaidi glasi tatu kuliko 91 ya mtu mmoja, kwa sababu jopo linabishana kabla ya kukubaliana.

Sasa maandalizi, na hapa ndio wengi tunaharibu. Waonjaji wanapenda asubuhi, saa nne au saa tano hivi, mdomo ukiwa haujachoka na tumbo halijajaa. Chumba kisiwe na harufu nyingine, kwahiyo kuonja baraza la nje kando ya ziwa ni raha ya kunywa ila sio ya kupima, upepo unaondoa harufu yote ya glasi na jirani akiwa anachoma samaki basi umeshaharibikiwa. Usijipulizie manukato, usivute sigara, usile pilipili kabla. Glasi iwe ya mguu na mdomo wake umebana kidogo juu ili harufu isitawanyike, mimina kidogo, mililita 50 zinatosha kabisa, ukijaza utashindwa kuzungusha.

Joto ni jambo kubwa kuliko glasi. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, ila chumba wanachokisema ni cha Ulaya cha nyuzi 16 mpaka 18, sio cha Mwanza mchana ambacho kinafika 27 au 28. Mvinyo mwekundu ukiwa wa moto hivyo pombe inapanda puani inafunika kila kitu na unaonekana mzito bila sababu, utasema huyu mtengenezaji hajui kazi kumbe ni chumba chako. Weka chupa kwenye friji nusu saa hivi kabla ya kufungua. Mweupe unataka nyuzi 8 mpaka 12, na hapo pia usizidishe, mvinyo uliogandishwa karibu na barafu haunuki chochote na huwezi kuuhukumu.

Alafu ficha chupa. Funga kwa gazeti au tumbukiza kwenye mfuko wa kaki, andika A, B, C, na aliyefunga asiwe anayeonja kama inawezekana. Hili sio mbwembwe. Mwaka 2001 kule Bordeaux watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni watu wanaosomea kabisa! Jicho linaiamuru pua, na lebo yenye jina kubwa inafanya hivyohivyo, bei nayo pia.

Kuangalia hakuchukui muda. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, angalia kama uko safi au umechafuka, angalia rangi ya katikati na ya pembeni. Mwekundu kadiri unavyozeeka pembeni unakuwa kama tofali, mweupe unaelekea dhahabu na kahawia. Umeona kwamba Parker ametenga pointi 5 tu kwa rangi, basi na wewe usikae hapo.

Kaa kwenye harufu. Nusa kwanza bila kuzungusha, alafu zungusha glasi mezani unuse tena, pumzi fupifupi. Unatafuta vitu vitatu: ni msafi, una nguvu kiasi gani, na una harufu ngapi tofauti ndani yake. Usafi ndio wa kwanza kwa sababu mvinyo mbovu haupewi pointi hata uwe wa nani. Harufu ya boksi lililolowa maji au stoo yenye ukungu inatokana na kizibo kilichopata kemikali inayoitwa TCA, chupa hiyo imekwisha, mwonjaji anaomba nyingine. Harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha maana yake asidi tete, ile inayoruka hewani kama ya siki, imezidi. Tunda lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia, huo umeingia hewa.

Ukishajua ni msafi, anza kutaja unachonusa kwa vitu unavyovijua wewe. Waonjaji wa Ulaya wanaandika matunda yao ya msituni ambayo wengi wetu hatujawahi kuyagusa, usiige hayo maneno, andika zambarau, ukwaju, komamanga, ganda la chungwa, karafuu, mdalasini, tumbaku, ngozi, udongo baada ya mvua, kahawa. Mvinyo wa kawaida utakupa kitu kimoja au viwili ukae hapohapo. Mvinyo wa juu unabadilika kwenye glasi, dakika ya kwanza tunda, baada ya dakika kumi maua, baadae viungo, ndio maana mwonjaji makini anairudia glasi ileile mara mbili tatu kabla ya kuandika namba.

Sasa onja. Chukua funda la wastani, lizungushe mdomo mzima, vuta hewa kidogo juu yake, alafu tema kwenye kopo. Ndiyo, tema, hata kama inauma, kwa sababu mtu anayepima chupa sita bila kutema mpaka ya nne hapimi tena, anafurahi tu. Sukari utaisikia mara moja. Asidi ni ile inayofanya mate yajae pembeni mwa mdomo, na Italia kwa jumla wana asidi ya juu kwa sababu mvinyo wao umekua pamoja na chakula. Tanini ni ukakasi unaobana fizi na ulimi, kama umewahi kunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi unaujua. Usiulize tu kama tanini ni nyingi, uliza ni ya aina gani, ni laini inayotelezesha au inakwaruza. Pombe ni joto la kooni, ukiona joto linasimama peke yake bila tunda la kulibeba basi mizani imekosekana.

Baada ya kutema hesabu sekunde kimoyomoyo. Ladha nzuri ikipotea ndani ya sekunde tatu nne, mvinyo ni mfupi. Ikifika kumi na kuendelea na bado unasikia tunda na sio uchungu mtupu, hapo kuna ubora. Kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu ningechukua hiki, kwa sababu rangi inaweza kukolezwa na harufu inaweza kupambwa kwa mapipa mapya ya mbao, ila urefu mdomoni ni vigumu sana kuuigiza.

Wanafunzi wa shule za mvinyo wanafundishwa kuuliza maswali manne mwishoni: je umebalansi, ladha inadumu, una nguvu, una mambo mengi ndani yake? Ukijibu ndiyo kwa yote mvinyo ni bora sana, ndiyo tatu ni mzuri sana, mbili ni mzuri, moja unakubalika. Angalia kwamba hakuna swali la "umeupenda?", na hapo ndipo mwonjaji anapotofautiana na mnywaji. Dada mmoja anapenda mtamu, kaka yake hapendi, wote wana haki, lakini wote wawili wanaweza kukubaliana kwamba mvinyo huu ni mrefu na ule ni mfupi.

Tuseme umefungua Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Toscana katikati ya Italia. Rangi safi, nyekundu ya wastani, mpe 4 kwa 5. Harufu ya cheri, majani makavu, ngozi kidogo, wazi ila haibadiliki sana, 12 kwa 15. Mdomoni asidi hai, tanini imekaa vizuri, inadumu sekunde nane hivi, 16 kwa 20. Kwa jumla ni mvinyo wa miaka mitano sita mbele, 7 kwa 10. Jumlisha 39, ongeza 50 za bure, unapata 89. Umeona namba inavyozaliwa? Na mwingine aliyekaa na wewe meza moja anaweza kupata 87 au 91 kwa uaminifu kabisa.

Sasa lile jambo la kwao. Chukua Nebbiolo, zabibu ya mivinyo ya Barolo na Barbaresco kule Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Rangi yake ni hafifu, na inawahi kuwa ya tofali hata ikiwa bado kijana, alafu tanini zake ni kali na asidi iko juu. Mtu aliyezoea mvinyo mweusi mzito wa Afrika Kusini ataona umechujuka na unabana. Kumbe ndivyo ulivyo, unatafutwa kwa harufu ya waridi na lami, na sheria inataka Barolo ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao, kwa sababu bila muda hainyweki. Ukiukata maksi za rangi umeukosea. Amarone ya upande wa Verona ni kinyume chake, zabibu zinakaushwa miezi kadhaa kabla ya kukamuliwa, inatoka nzito, pombe 15 na zaidi ni kawaida, hapo uzito ni sifa yake na swali ni kama asidi imebaki ya kutosha kuubeba. Kwenye meza yenye chupa nyingi mivinyo mizito huwa inapiga kelele kuliko mingine, na mwonjaji aliyechoka anaipa zaidi, kwahiyo usiiweke Amarone pamoja na Chianti kwenye mpangilio mmoja, iache iwe ya mwisho.

Kuna na suala la dari. Prosecco, mvinyo wa Italia wenye gesi, imetengenezwa iwe nyepesi, ya matunda, inywewe mapema, kwahiyo hata ile nzuri kabisa mara nyingi inaishia 88 mpaka 91, kwa sababu kipimo kinatoa pointi kwa utata na maisha marefu, vitu ambavyo yenyewe haijawahi kuvidai. Moscato d'Asti vilevile, pombe yake ni kama asilimia 5 tu, tamu, ina gesi kidogo, na wapenzi wa mtamu hapa kwetu wangeifurahia kuliko Barolo ya 97. Prosecco ya 89 ni Prosecco nzuri, Barolo ya 89 ni ya kawaida ukilinganisha na wenzake na bei yake. Namba ni ileile lakini habari ni mbili tofauti.

Lebo nayo inachanganya. Italia ina madaraja, DOCG juu, DOC, IGT, alafu mvinyo wa mezani. DOCG ina karatasi ya serikali yenye namba imebandikwa shingoni, na kabla ya kutoka mvinyo unapimwa maabara na kuonjwa na kamati. Ila kamati hiyo inaangalia kama mvinyo umefuata sheria na unafanana na kwao, haitoi pointi za ubora. Mfano unaofundisha ni Sassicaia ya Toscana, ilitengenezwa kwa zabibu za Kifaransa hasa Cabernet Sauvignon nje ya sheria za eneo lile, kwahiyo iliandikwa mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa, na bado ile ya mwaka 1985 Parker akaipa 100 kamili. Kwahiyo soma daraja kujua asili, soma mwonjaji kujua ubora, usibadilishane kazi zao.

Pointi zinakosea? Ndiyo, na inabidi ujue kwa kiasi gani. Kule California mtafiti Robert Hodgson alichapisha mwaka 2008 utafiti wa majaji wa mashindano, walipewa mvinyo uleule kutoka chupa ileile mara tatu bila kujua, na jaji wa kawaida alipishana na maksi zake mwenyewe kwa kama pointi 4 juu au chini, ni karibu mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na msimamo. Kwahiyo usilipe ziada kubwa kwa tofauti ya 89 na 91, hiyo inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya 86 na 94 ndio ya kuisikiliza.

Ukisimama dukani fanya hivi. Soma jina chini ya namba, kama hakuna jina la mwonjaji wala jarida achana na kistika. Linganisha mwaka wa mavuno, mara nyingi kistika ni cha mavuno ya nyuma na chupa uliyoshika ni ya mwaka mwingine. Ukiona mtandaoni namba iko kwenye mabano na ina mwanya, mfano 92 mpaka 94, ujue mwonjaji ameonja kutoka kwenye pipa kabla mvinyo haujatiwa kwenye chupa. Alafu angalia chupa yenyewe, na kwetu hili lina uzito mkubwa kwa sababu mzigo umepita bandarini, umepanda lori mpaka huku na pengine umekaa dirishani unapigwa jua. Kizibo kikiwa kimejisukuma nje, au kuna michirizi inanata shingoni, au mvinyo umeshuka chini kuliko chupa za jirani yake, umepikwa na joto, rudisha. Ile 93 ilipewa chupa iliyolala mahali pa baridi, sio hii.

Kujifunza kwa haraka kusanyeni watu wanne watano mchangie, mnunue chupa tatu za zabibu moja, mfano Sangiovese (zabibu ya Chianti) za bei tatu tofauti, mzifiche, kila mtu aandike kimya kimya kabla ya kuongea, kwa sababu akishaongea yule mwenye sauti kubwa wote mnaanza kunusa alichosema yeye. Mkimaliza kupima ndio mlete chakula. Kwa sato wa kukaanga mi natafuta Lugana, mvinyo mweupe wa kusini mwa Ziwa Garda, na wao ni watu wa ziwa wanakula samaki wa maji baridi, au Vermentino, mweupe mwingine wa Italia, yenye ndimu ndani yake na ladha kidogo ya chumvi. Sangara wa mchuzi wa nyanya anakubali hata Chianti mwepesi uliopoa vizuri, asidi ya nyanya na ya Sangiovese zinaelewana. Weka alama ya pembeni kwenye daftari ikiwa mvinyo umepanda au umeshuka ulipokutana na chakula, ila usiibadilishe namba ya kwanza.

Kilichobaki kwenye chupa nyekundu usimalizie usiku huo. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, kesho yake itoe ipumzike dakika ishirini uonje tena. Waonjaji wengi wa Barolo na wa Brunello, mwekundu mwingine wa Toscana, wanafanya hivi, kwa sababu mvinyo wenye mwili wa kukaa miaka unakuwa umefunguka siku ya pili, na ule wa kuigiza unakuwa umekwisha, tunda limeondoka imebaki mbao na pombe. Hapo unaruhusiwa kuongeza au kupunguza pointi mbili kwenye zile 10 za mwisho. Prosecco na Moscato usiziache zilale, gesi inaondoka, hizo maliza siku hiyohiyo.